Gari Jekundu la Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gari, breki hakuna!

Ukipanda, shauri yako!

Haya, aliyesinzia afinywe, nianze.

Alikuwako Mama Nguchiro, mjane mwenye watoto saba. Kila asubuhi aliwavusha mbuga kwenda chekechea, na kila asubuhi Mwewe aliwazunguka juu kwa juu, akiwahesabu. Juzi alimkosa kitindamimba kidogo tu. Mama hakulala kwa hofu. Akasema basi, miguu imetosha, nanunua gari.

Alikuwa na mali moja tu, paja la nyati lililokaushwa, urithi wa marehemu mumewe. Msiniulize nguchiro alilipataje. Mimi nasimulia, si polisi.

Muuza magari yaliyotumika alikuwa Fisi. Uani kwake yalikuwako mawili. Moja la bluu, kuukuu, lakini mlango mpana wa kuvuta, viti tele, mikanda mizima. Hilo Fisi hakuliuza, alilala humo na mifupa yake. La pili jekundu, linang'aa, milango miwili, limelala chini kama sahani. Injini yake kokoro-kokoro-kokoro, puu!

Fisi alipolinusa lile paja, mate yakamlowesha kifua. Akaanza kulisifu lile jekundu. Eti ni gari la familia, eti linabeba watoto saba na mizigo yao.

"Na dereva?" Mama akauliza.

"Na dereva, dada yangu. Akilia yeyote humo kwamba amebanwa, chukua la bluu, na paja lako urudi nalo."

Mama akasema sawa, lakini gari halinunuliwi bila kujaribiwa, kwa hiyo Bwana Fisi awaendeshe watoto mpaka kisimani na kurudi. Fisi akachekea tumboni. Akawainamia watoto, akawaonyesha meno yote, akawanong'oneza kwamba atakayelia atamezwa. Mlafi hafikirii mbali. Alisahau kwamba nguchiro hulala kichuguuni, saba tundu moja, mkia wa huyu puani mwa yule, na ndiyo raha yao.

Wakaingia. Wa kwanza, chwi! Wa pili, chwi! Mpaka wa sita, chwi! Kitindamimba akakosa pa kukaa, akajikunja shingoni mwa Fisi. Kokoro-kokoro-kokoro, wakaondoka. Mama akafuata kwa miguu, maana halikuwa gari la kumwacha mtu.

Shimo la kwanza, mguu ukaingia sikioni mwa Fisi. Watoto kimya. Shimo la pili, mkia ukaingia puani. Watoto kimya. Shimo la tatu, usukani ukamzama tumboni, magoti yakamgonga kidevu, na kitindamimba, kwa utamu wa usingizi, akamkojolea mgongoni.

"Uwii, nabanwa! Nitoeni jamani, nabanwa!"

Watoto kimya. Mama akafungua mlango taratibu.

"Pole sana, Bwana Fisi. Basi tupe la bluu."

Mifupa akamshushia, haki yake. Watoto akawafunga mikanda, mmoja mmoja. Paja likakaa kiti cha mbele.

Kesho yake Mwewe akazunguka, akahesabu. Saba, wote nyuma ya kioo. Kitindamimba akamtolea ulimi.

Funzo lake, ndugu zangu: ukienda kununua gari, watoto waache nyumbani. Hawana msaada wowote.

Hadithi imefika kituoni. Iliyekukolea, panda nayo. Iliyekuchosha, shuka, Mwewe anakungoja.