Kwa Nini Farasi wa Zafarani Hangoji Mlangoni

Mmegombana tangu asubuhi, nami nimewasikia. Huyu anasema farasi wa Zafarani ana wazimu, amemwangusha kwenye miiba na hampandi tena hata akipewa bure. Yule anasema hajaona mnyama wa kupendeza kama huyo, na kwamba akiwa mgongoni mwake husahau hata njaa. Nyote wawili mnasema kweli, na nyote wawili hamjui mnachosema. Basi kaeni. Na wewe, acha kuchezea hatamu hiyo, maana sipendi kumsimulia mtu huku anajiandaa kuondoka.

Zamani hizo farasi walikuwa wakisimama. Hapakuwa na kamba wala kigingi. Mtu akifika anakokwenda alishuka, akaweka kiganja kwenye paji la uso la farasi wake, akasema, "Ningoje hapa, nakuja." Farasi alisimama palepale mpaka mdomo uleule uliomwambia angoje urudi umwambie twende. Mwingine angemvuta, angemchapa, angemwonyesha majani mabichi, haondoki. Ndivyo walivyokubaliana farasi na watu tangu walipojuana. Mtu atalishika neno lake, na farasi atalishika pamoja naye.

Farasi walilishika. Watu walizoea. Walipoona mnyama hasogei, wakaanza kumwacha juani kama mtu anavyoacha kinu uani. Mtu aliingia kunywa kikombe kimoja cha kahawa, akatoka kivuli cha nyumba kimeshahamia upande wa pili, na farasi yupo vilevile, nzi wamemjaa machoni. Hakuna aliyeona vibaya. Walisifu, wakasema tazama farasi alivyo na adabu.

Katika mji wa Mawandani, ukingoni mwa nyika, aliishi mtu mmoja aliyeitwa Vuai. Alikuwa mwalishi wa harusi. Alipita nyumba kwa nyumba na kijiji kwa kijiji, akiwaambia watu nani anaoa na nani anaolewa, na lini waje. Alikuwa mcheshi, mtu wa watu, na alikuwa hajui kukataa kahawa. Binti yake, Mize, alifuatana naye, kwa kuwa wanawake hualikwa na mwanamke mwenzao, na mama yake Mize alikuwa ameshafariki. Mize hakufanana na baba yake hata kidogo. Alibisha hodi, akasalimia, akaalika, akapokea dua, akaondoka. Wanawake walimtania kwamba amekalia siafu.

Vuai alikuwa na farasi jike aliyeitwa Zafarani kwa rangi yake. Mize ndiye aliyemlea. Mama wa farasi yule alikufa siku ya kuzaa, na Mize akakilea kile kichanga kwa maziwa ya mbuzi, akilala nacho bandani mpaka kikaweza kusimama vizuri. Alimpenda Zafarani kuliko alivyowapenda watu wengi, na hakuona haya kusema hivyo. Lakini kiganja kilichowekwa kwenye paji la uso kilikuwa cha Vuai, kwa sababu mwenye farasi alikuwa Vuai.

Hilo lilimkera Mize usiku na mchana. Kila alikomaliza kualika, alimkuta Zafarani amesimama peke yake, jasho limemkaukia, na ndani kicheko cha baba yake kinasikika. Alimletea maji kwa kibuyu. Alimfukuzia nzi kwa ncha ya kanga. Kisha alizunguka, akaenda, akarudi, akachungulia mlangoni, akaenda tena.

"Baba," alimwambia siku moja njiani, "ukijua utakaa, mwambie utakaa. Usimwambie unakuja."

Vuai alicheka. "Mwanangu, farasi hana haraka. Mwenye haraka ni wewe."

Ikatokea harusi kubwa, na waalikwa wa mbali walikuwa watu wa Kwa Ngwali, kijiji kilichokuwa juu ya ukingo wa korongo. Chini ya ukingo ule palikuwa na mto usio na maji, mchanga mtupu, na mkuyu mkubwa wenye kivuli kizuri. Njia ya kupanda kijijini ilikuwa ya mawe makali. Vuai akaona si vyema kumpandisha Zafarani, ambaye siku hizo alikuwa na mtoto anayenyonya, jike kama mama yake, aliyemfuata kila aendako. Akamsimamisha mchangani, chini ya mkuyu. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Alimwonea huruma. Akaweka kiganja chake, akasema, "Ningoje hapa, nakuja sasa hivi."

Yule mtoto hakuambiwa kitu. Alikuwa mdogo mno kuambiwa.

Mize aliingia kwa wanawake, akaalika, akakataa uji wa mtama kwa adabu, akateremka. Alikuta kila kitu kimetulia. Alitazama milimani. Kulikuwa na wingu zito huko, jeusi, mbali sana. Hapa jua lilikuwa kali. Aliinama amwagie Zafarani maji ya kunywa, akaona mchanga kwenye kwato zake umebadilika rangi. Ulikuwa umelowa, na unyevu ulikuwa unapanda wenyewe kutoka chini.

Farasi alikuwa anajua. Masikio yalikuwa yamesimama, ngozi inatetemeka kutoka shingoni mpaka mkiani, na macho yake yalielekea juu ya korongo. Mtoto wake alikuwa ameshakimbilia ukingoni, anakwenda huku na huku, analia. Zafarani alimtazama mtoto wake. Hakuinua hata mguu mmoja.

"Njoo, mama, njoo!" Mize alimvuta kwa hatamu kwa nguvu zake zote. Alimsukuma kwa bega. Alimpiga, na hakuwahi kumpiga maishani. Ilikuwa sawa na kusukuma ukuta. Basi akapanda mbio ile njia ya mawe, akaingia barazani kwa mwenyeji wao, Mzee Ngwali, bila kubisha hodi.

Vuai alikuwa amekaa juu ya mkeka, bao katikati, kete mkononi, na mwenyeji wake amekunja uso kwa mawazo.

"Baba, mto unakuja! Njoo umwite Zafarani!"

Mzee Ngwali aliinua kichwa. "Binti, kwetu huku watu husalimiana."

"Shikamoo, Mzee Ngwali. Baba, inuka!"

"Marahaba, mwanangu," alisema Ngwali. "Mto gani wakati wa jua kama hili?"

Vuai alitazama nje, akaliona jua. Akatazama bao, akaona anashinda. "Nakuja," alisema. "Tangulia, mwanangu. Nakuja."

Mize alitangulia. Ndilo kosa lake pekee katika hadithi hii, na alilijutia mpaka anazeeka. Alimwamini, kama Zafarani alivyomwamini, akateremka mbio. Maji yalikuwa yameshafika. Hayakuja kwa kishindo mwanzoni. Yalikuja mekundu, yenye povu na vijiti, yakamfika Zafarani magotini. Mize akaingia majini, akamshika shingoni, akamsemesha, akamwomba. Alihisi moyo wa farasi ukipiga kwenye shavu lake. Akageuka kutazama njia. Njia ilikuwa tupu.

Akapanda tena. Safari hii alimkuta baba yake amesimama, lakini anatafuta kiatu, na Mzee Ngwali amemshika mkono anamwambia haiwezekani mgeni aondoke bila kahawa ya mwisho. Na Vuai alikuwa anaipokea. Alikuwa anainywa kwa haraka, ni kweli, akijiunguza ulimi, lakini alikuwa anainywa, kwa sababu aliona aibu kumkatalia mwenyeji.

Mize alikipiga kile kikombe kikapasuka ukutani. Kisha akamshika baba yake ukosi wa kanzu na kumkokota nje, kiatu kimoja mguuni, mbele ya watu wa kijiji kizima.

Hapo sasa mngurumo ulisikika. Vuai aliusikia, na uso wake ukabadilika, akaanza kukimbia mwenyewe, akamwacha binti yake nyuma. Walipofika ukingoni, maji yalikuwa kifuani mwa Zafarani. Alikuwa amesimama palepale alipoambiwa. Shingo ameinyoosha juu, miguu ameizika mchangani, na mkondo unampasukia pande mbili. Alikuwa anatazama njia ya kijijini, si mto.

"Zafarani!" Vuai alipiga kelele. "Njoo! Njoo, twende!"

Naye akatii. Hilo ndilo linaloniuma mimi mpaka leo kila ninapolisimulia. Laiti angekaidi mara ile moja. Alisikia sauti aliyokuwa akiingoja, akainua mguu wa mbele amwendee mwenyewe, na mkondo ukamkuta na miguu mitatu. Ukamlaza ubavu. Kichwa kilionekana mara moja penye kona, halafu hakikuonekana tena.

Yule mtoto alikimbia ukingoni akiyafuata maji, akarudi, akakimbia tena. Aliendelea hivyo mpaka jua likaanza kushuka. Mize hakulia kwanza. Alikimbia naye, bega kwa bega, mpaka miguu yake ikatoka damu. Vuai alikuwa amekaa chini. Mwishowe aliinuka, akamsogelea yule farasi mdogo aliyekuwa anahema, akaweka kiganja kwenye paji la uso wake, na kwa mazoea ya maisha yake yote akasema, "Ningoje hapa. Naenda kutafuta kamba ya kukuongozea nyumbani, nakuja."

Farasi mdogo alisimama kwa miguu ya nyuma. Alipiga kelele ambazo farasi walikuwa hawajawahi kuzipiga, akapita juu ya Vuai na kumwangusha kwenye miiba, akaenda zake. Mize alimfuata, akamkuta mbali nyikani. Hakumwambia angoje. Alitembea tu kando yake mpaka wakafika nyumbani.

Farasi yule alikua, akawa mzuri kuliko mama yake, na hakusimama tena. Ukishuka mgongoni mwake, anacheza miguu. Ukigeuka, anakwenda. Ukikaa kwenye tandiko unafikiri uende wapi, anakuchagulia. Lakini ukiwa na pa kwenda, na moyo umeshatangulia, anakufikisha kabla hujamaliza kufunga kilemba. Mize akawa mwalishi badala ya baba yake. Alimpanda siku zote na hakuanguka hata mara moja. Watu wenye shughuli, wenye wagonjwa mbali, wenye wachumba mbali, walikuja kumwomba watoto wa farasi yule. Watu wa baraza na bao walimwita mkorofi, wakanunua farasi wengine, wanaofungwa kwa kamba.

Aliyemchukia kuliko wote alikuwa Vuai. Alizunguka mji mzima akimsema. Jinyama lile, alisema, halina adabu, halina shukrani, litaua mtu. Watu walimwamini, kwa kuwa kovu la miiba lilikuwa kwenye shavu lake.

Alipozeeka, akawa hatoki tena, Mize alimleta farasi yule mpaka mbele ya nyumba ili aagane na baba yake kabla ya safari. Farasi alikuwa anapiga kwato kwenye kizingiti, kushoto kulia, kushoto kulia. Vuai aliinamisha kichwa.

"Mwondoe hapa, Mize. Siwezi kumtazama."

"Amekufanya nini, Baba?"

Mzee alilishika kovu la shavuni. "Hajanifanya kitu," alisema.

Mize alikuwa na haraka, na farasi alikuwa na haraka kuliko yeye. Lakini alishuka. Akaingia ndani, akakaa mkekani kando ya baba yake, na hatamu haikumtoka mkononi. Aliishika vivyo hivyo, imepita mlangoni, huku farasi akiivuta kwa nje. Alimpa baba yake kahawa. Hakumwambia kwamba anakuja wala kwamba anakwenda. Walikaa mpaka kikombe kikaisha, kisha akambusu mkono, akaondoka.

Na tangu siku hiyo, wapandao farasi wa Zafarani hunywa kahawa na hatamu mkononi, mguu mmoja ndani na mmoja nje, na hakuna mwenyeji anayewaona wamekosa adabu. Nao hawamwambii farasi angoje. Wengine huwapenda farasi hao mpaka wanawaota, na wengine hawataki hata kupita karibu yao. Basi kesho mkianza tena kugombana, wewe unayemchukia, usinionyeshe ulipochomwa na miiba. Nieleze kwanza ni nani uliyemwambia unakuja. Kama bado yupo anakungoja, inuka uende.