Kamera Iliyoitwa Tausi

Si zamani sana palikuwa na binti mpiga picha, jina lake Sikudhani. Siku moja alimkuta tajiri Kanyenye aking'oa jiwe la mpaka ili alimeze shamba la mama wa binti huyo, akampiga picha. Kesho yake tajiri akaja studio.

“Lete kamera uliyotumia jana. Watu waliiona, imeandikwa Tausi.”

“Mzee wangu, Tausi imechakaa. Chukua hii Kongoni.”

“Mimi nakusanya kamera za filamu tangu hujazaliwa. Hunibabaishi, mtoto wewe.”

Sikudhani akaitoa Tausi, machozi yakimlengalenga. Tajiri akaifungua juani, akaivuta filamu yote nje mpaka mwanga ukaiunguza, kisha akaenda zake akipiga mluzi.

Siku ya baraza, Sikudhani akawaonyesha wazee picha ya tajiri na jiwe mikononi.

“Uongo huo,” tajiri akafoka. “Filamu hiyo niliiunguza mwenyewe.”

Wazee wakatazamana.

“Uliunguza ya Kongoni, mzee wangu,” Sikudhani akasema kwa adabu. “Kamera hizi ni mapacha wa kiwanda kimoja, ila kila duka lilibandika kibati cha jina lake. Nilipokuona unapanda kilima kuja studio, nilivibadilisha vibati hivyo.”