Watu wa Ukuta na Kifo cha Mgeni Njugu

Hapo zamani, kabla tumbo langu halijaipita akili yangu kwa ukubwa, palikuwa na mji uitwao Utumbo. Ukuta wake haukuwa wa mawe. Ulikuwa wa watu hai, safu moja tu, wamesimama bega kwa bega. Nje ulipita mto ulioleta wageni, wema na wezi. Ndani walikaa askari, wakali kama siafu, tena vipofu.

Mmoja wa watu wa ukuta huo, Mize, aliupaka ute, wageni wateleze wasiukwaruze. Mwenzake Chausiku alimega chembe ya kila mgeni akawapa askari wanuse. Ndipo Mwanahawa, aliyekaa ndani na askari, akawanong'oneza, "Tulieni, wanangu. Huyu kaleta shibe." Mikuki ikashuka.

Siku moja akaja Njugu, mgeni mwema, hana hata wembe. Mize alikuwa amesinzia, ute umekauka. Njugu akaukwaruza ukuta. Chausiku, kwa haraka, akammega pande zima akalitupa ndani. Mwanahawa akanyamaza. Jemadari Sefu akanguruma, "Adui!"

Lo! Mikuki, moto, mji ukavimba, mto ukafurika. Nimetembea nchi nyingi, na nyingi nilizijua kwanza kwa vyoo vyake. Mafuriko hayo msinisimulie. Yalipopungua, Njugu alikuwa maiti.

Sultani wa mji akafoka, "Mmemuua mgeni! Mmoja wenu atatupwa mtoni."

"Asitupwe Mize!" alifoka Mize mwenyewe. "Napaka peke yangu mchana kutwa, usiku kucha. Nikiomba msaidizi naambiwa ute ni uchafu, si kazi. Leo kusinzia ndiyo dhambi?"

"Na mimi je?" akadakia Chausiku. "Kazi yangu kumega, nimemega. Muulizeni huyo mwenye ulimi!"

Mwanahawa akajitokeza. "Nilinyamaza, ndiyo! Miaka yote nawapoza hawa. Mji ukitulia, Sefu ndiye anayevishwa kilemba! Vita nilivyozuia mimi, nani aliwahi kuniambia ahsante? Nikasema leo wajue uzito wa neno langu. Sikujua atakufa mtu."

"Ukamtoa mgeni kafara kwa ajili ya kilemba, shoga?" Chausiku akamzomea.

Sefu akapiga mkuki chini. "Jamani, mimi kipofu! Nisiposikia 'tulieni', napiga. Ndivyo alivyonifunza Sultani. Angekuwa Kipindupindu nikamngoja, mngekuwa hai mnitukane?"

"Si ungeuliza!" Mwanahawa akamkatiza. "Jitu zima na mkuki wake, halina mdomo?"

Wakiwa katika kupayukiana, akafika mamake Njugu, kanga begani.

"Mwanangu alikuja kuwashibisha," alisema. "Silii tena. Nipeni jina moja tu la aliyemuua, nirudi nalo nyumbani."

Sultani akamtazama Mize, akamtazama Chausiku, akamtazama Mwanahawa, akamtazama Sefu. Kisha akatazama miguu yake mwenyewe.

Haya, enyi mlioshiba: mama yule apewe jina la nani?