Pimbi Adai Goti Lake Bovu

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa na nini?
Pakawa na mgongo, pakawa na mzigo.
Kipi kilichoka kwanza?
Mgongo. Mzigo hauna habari.

Basi kaeni. Mwenye goti bovu anyooshe mguu, hapa hakuna wa kumwambia kunja.

Hapo kale Kiboko alikuwa na shamba la miwa kando ya mto. Miwa ilikuwa yake, mto ulikuwa wake, na hata tope alisema ni lake. Vibarua wake walipanda ukingo na mizigo ya miwa, wakashuka mikono mitupu, wakapanda tena, wakashuka tena. Ujira wao ulikuwa uji wa mtama kutoka chungu cha kazi. Anayebeba anakunywa, asiyebeba anatazama.

Siku moja akaja Pimbi kuomba kazi. Pimbi mnamjua, yule mdogo wa majabalini asiye na mkia. Goti lake lilikuwa bovu tangu ujana, alipoporomoka jabalini akimkimbia Chui. Akitembea, goti lilisema ko, ko, ko. Hakulificha, angelifichaje jambo linalopiga kelele lenyewe? Kiboko akamzunguka, akasikiliza, akacheka, akasema goti la nusu litapata nusu kata ya uji. Pimbi akakubali, maana njaa haijui kubishana bei.

Ikawa hivyo. Wenzake walipanda ta, ta, ta. Pimbi alipanda ko, ko, ko. Wenzake walishuka ta, ta, ta. Pimbi alishuka ko, ko, ko. Mzigo ulikuwa mmoja kwa wote. Jioni wenzake walikunywa kata nzima, yeye nusu. Akalala amechoka, akaamka amechoka kidogo zaidi ya jana.

Mvua ikanyesha, ukingo ukawa utelezi. Kiboko akaamuru kila mmoja abebe mizigo miwili kwa mpigo, miwa yake isije ikachelewa ikaoza. Pimbi akamwambia kwa upole kwamba pale juu panateleza.

"Basi teleza," akasema Kiboko, "ila miwa yangu usiiachie."

Pimbi akateleza. Serere, serere, serere, pu. Miwa juu, Pimbi chini, goti katikati. Goti likasema kacha, kisha likanyamaza. Halikukunjika tena, wala halikusema ko.

Desturi ya nchi ile ilikuwa wazi: aliyeumia kazini hula chungu cha kazi mpaka apone. Kiboko aliijua desturi hiyo, lakini siku ile ile akaiondoa kata ya Pimbi. Alisema goti lilikuwa bovu kabla halijaingia shambani, na yeye hawezi kulisha ubovu uliozaliwa kwa wengine. Pimbi akatazama majabali kule juu. Kwa mguu mmoja hayapandiki, na tumbo halingoji goti. Asipokula chungu kile, hali popote.

Akajikokota hadi kwa Bibi Korongo, mwamuzi wa mto, ambaye kesi zote huzisikiliza kwa mguu mmoja. Kiboko akaitwa, vibarua wakaja, majirani wakaja. Kiboko akasema kwa kirefu. Akamwita Pimbi kokoto la jabali, akasema ameleta goti la kufa ili lije lifie kwake.

Pimbi alikuwa amechoka mno kubisha. "Bwana mkubwa anasema kweli," akasema. "Goti lilikuwa bovu."

Wenzake wakamtazama kama mtu anayejichimbia kaburi kwa jembe la kuazima.

"Ila aseme lilikuwa bovu namna gani," akaendelea Pimbi. "Labda hakuliangalia vizuri."

Kiboko, ambaye hata mafundo ya miwa aliyajua moja moja, hakupenda kuambiwa hakuangalia. "Nililiangalia sana. Lilikuwa linalia ko, ko, ko. Kupanda ko, kushuka ko. Nikaona nimepata bei nzuri, mzigo mzima kwa nusu kata." Akachechemea huku na huku akimwigiza, wanyama wakacheka, naye akazidisha.

Sasa, watu wa mto ule huazimana vyungu vya karamu. Mwenye chungu hukigonga mbele ya mwazimaji, wote wawili wakasikia. Kizima hulia ngwii, chenye ufa hulia kwaa. Siku ya kurudisha hugongwa tena. Ulichukua ngwii, rudisha ngwii. Ulichukua kwaa, rudisha kwaa. Hakuna aliyewahi kurudisha vigae akasema, kwani si kilikuwa na ufa?

Pimbi akanyoosha mguu. "Ligonge, bibi."

Bibi Korongo akaligonga kwa mdomo. Kimya. Akagonga tena. Kimya.

"Sidai goti zima," akasema Pimbi. "Zima nililiacha kwa Chui. Bwana mkubwa alichukua ko, amekiri mbele yenu. Anirudishie ko yangu nichechemee niende zangu."

Kicheko kikakatika. Bibi Korongo akabadilisha mguu, jambo alilolifanya hukumu ikiwa tayari. Pimbi ale kata nzima, na kwa kuwa hawezi kupanda wala kushuka, Kiboko ambebe asubuhi na jioni mpaka goti liseme ko. Kiboko akafungua kinywa chote ajibu, kikajaa nzi, akakifunga.

Tangu hapo, kila asubuhi Kiboko aliweka sikio gotini.

"Limesema?"

"Bado, bwana mkubwa."

Akambeba. Na kule mgongoni Pimbi alisinzia, uchovu wa miaka ukimtoka kidogo kidogo, kama maji kwenye nguo iliyoanikwa kivulini.

Hata asubuhi moja, sikio la Kiboko likiwa papo hapo, goti likasema ko.

Pimbi akakohoa haraka. Kho, kho, kho.

"Ni nini hicho?" akauliza Kiboko.

"Kifua, bwana mkubwa. Mgongo wako una unyevu. Na hiki sikuja nacho, nimekipatia kazini."

Ngano imefika ukingoni. Anayeibeba kwenda nayo kwao aangalie utelezi. Funzo lake ni kwamba kibarua mwema huja kazini na magoti mapya, hakohoi, wala hadai. Funzo hilo alilitoa Kiboko mwenyewe, akihema, huku amebeba.