Kisu Kilichofungiwa Kwenye Ngozi

Jumanne, tarehe tisa mwezi wa sita, saa mbili na nusu asubuhi. Saa hiyo mnaijua, kwa sababu wengi wenu mlifika kwangu kabla ya adhuhuri, na wengine mlikuja bila kuvaa viatu. Leo ni Jumapili ya tano tangu hapo. Padre hayupo, na zamu ya kusema nanyi ni yangu. Nitasema polepole. Mnivumilie.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa mwongoza wageni mlimani. Miaka thelathini aliwapandisha wageni kileleni na kuwarudisha salama, na wengi wao, walipoagana naye, walitoa kisu cha kukunja mfukoni wakamwachia kiwe kumbukumbu. Alipostaafu alikuwa navyo arobaini na kimoja. Kila kimoja alikijua: hiki cha daktari aliyelia kileleni, hiki cha mama aliyepanda na picha ya mwanawe.

Mzee huyo alipika pia mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa mikono yake. Wanawake walimcheka, kwani kwetu mpishi wa mbege mwenye ndevu haonekani kila siku. Walioionja waliacha kucheka. Ndizi aliziivisha bila haraka, ulezi aliuotesha mwenyewe, na gome la msesewe alilitia kidogo tu, uchungu ufike nyuma ya ulimi kisha uondoke.

Alikuwa na rafiki, mkulima wa migomba. Kila Jumapili baada ya ibada rafiki alikwenda kwake. Mzee alionja kwanza, kama mila inavyomtaka mwenye nyumba, kisha akampa mwenzake kata. Walitandika jani la mgomba mezani, wakavipanga visu, wakavipangusa kimoja kimoja kwa mafuta ya cherehani. Kata mbili kila mtu, basi. Naona mmeanza kutazamana. Mnajiuliza, katekista anatuhubiria pombe? Hapana. Nawasimulia watu wawili waliokuwa na furaha, na furaha yao haikumwibia mtu.

Lakini kisu kimoja hakikuwahi kuwekwa mezani. Kilikuwa na mpini wa pembe, nacho kilikaa sandukuni ndani ya kifuko cha ngozi, kando ya chupa ya wiski iliyokuwa haijafunguliwa. Vyote viwili alipewa na mgeni wake wa mwisho.

"Meku," rafiki akasema siku moja, kama tunavyomwita mzee kwetu, "leo nishikishe kile cha pembe. Nikate nacho kipande kimoja tu cha ini hili."

"Kwa mikono hiyo? Jasho na utomvu wa migomba! Kitaota kutu kabla hujameza."

"Basi ninawe."

"Nawa hata kwa maji ya baraka, sikupi. Mwezi wa nane natimiza sabini. Siku hiyo tutafungua chupa, na wewe ndiye utakayekata nyama kwa kisu kile. Wewe wa kwanza."

"Mwezi wa nane! Na nikiwa sipo?"

"Utakwenda wapi wewe, na mbege yangu iko hapa?"

Wakacheka. Pasaka rafiki alikuja amevaa glavu nyeupe, ameziazima kwa watu wa bendi. Mzee alicheka hadi akashika mbavu. Sanduku halikufunguliwa.

Kisha ikaja Jumanne, tarehe tisa mwezi wa sita. Saa mbili na nusu mkulima alikuwa amesimama chini ya mkungu aliotaka kuukata. Akaketi. Hakuinuka tena.

Ndiyo, ndugu zangu. Nimemwita mkulima kwa sababu jina lake bado linanishinda.

Siku ya kumaliza matanga, mlipokwisha kutawanyika, mzee alikuja na sanduku lake. "Shemeji," akasema, "nimemletea kisu chake." Akakitoa kwenye ngozi, akatia ukucha ili akifungue. Hakikufunguka. Akavuta, ukucha ukakatika. Nilileta mafuta, tukahangaika nacho wote wawili mpaka kikafunguka, na chuma chote kilikuwa cha kahawia. Ngozi ilikuwa imevuta unyevu wa kila masika na kuulaza humo humo. Vile arobaini, vilivyoshikwa na mikono ya utomvu kila Jumapili, viling'aa kama maji.

"Nilikuwa nakitunza, shemeji. Nilimnyima ili nikitunze."

Ninyi mngemwambia nini? Mngemlaumu? Mimi nilitaka kumlaumu. Kisha nikakumbuka. Asubuhi ile ya Jumanne mume wangu alinimiminia kahawa, akasema, "Mama Teodosia, keti kidogo." Nikamjibu, "Nikirudi." Nilikuwa nakuja hapa kupiga pasi vitambaa vya altare. Niliporudi, niliitwa shambani mbio. Kikombe nilikikuta jioni, kimejaa.

Basi nikamwambia mzee, "Fungua chupa."

Kizibo kilikuwa kimekauka, kikavunjika vipande vipande ndani ya shingo ya chupa. Tukaichuja wiski kwa chujio la chai. Nikamsogezea glasi. Akairudisha kwangu kwa mikono miwili.

"Mwenye nyumba huonja kwanza," akasema. "Nyumba ni yako sasa, shemeji."

Nikaonja. Ilinichoma koo mpaka nikatokwa na machozi, na nikashukuru, maana machozi yale sasa yalikuwa na kisingizio. Kisha nikachukua kinoo cha mume wangu, mzee akakinoa kile kisu. Madoa hayakutoka. Lakini kilikata ini la mbuzi wa matanga, tukala.

Mzee yule amenipa ruhusa ya kusema haya, naye yuko humu ndani. Msigeuze shingo kumtafuta. Sisi sote tuna kitu kwenye ngozi. Tunasema tunakitunza. Tunamtunzia nani, ikiwa yule tuliyemwekea amesimama mlangoni na glavu za kuazima, anaomba? Mungu hakutupa mwezi wa nane. Ametupa Jumapili hii. Mchana huu, ukifika nyumbani, kuna mtu atakuambia, keti kidogo. Ndugu yangu, keti. Pasi itakungoja. Mimi iliningoja, hata sasa ipo.

Tusimame.

Ee Bwana, mtumishi wako Apolinari amekuja kwako akiwa na utomvu mikononi. Usimwambie anawe kwanza. Mkaribishe mezani pako kama alivyo, umpe kile kilicho bora ulichomwekea, umpe leo. Na sisi tuliochelewa kuketi naye, utusamehe, utuwekee nafasi kando yake. Amina.