Kwa Nini Kurumbiza Huimba Kabla ya Kula

Msiwanung'unikie ndege kwa kuwaamsha, wajukuu zangu. Sogeeni hapa jikoni mpate joto, niwaambie.

Zamani alfajiri ilikuwa kimya kabisa. Kurumbiza dume aliimba adhuhuri, akishashiba, tena kwa maringo tu. Mkewe alipolalia mayai hakufungua kinywa, maana nyoka akisikia sauti atajua kiota kilipo. Kwa hiyo mwenye kuwaitikia wageni alikuwa dume peke yake.

Desturi ya ndege ilikuwa kama yetu: mgeni hubisha hodi. Lakini kwao, hodi ya tatu isipoitikiwa, nyumba huhesabiwa haina mwenyewe, na mgeni akihamia hana kosa.

Sasa masika moja mvua ilinyesha usiku kucha, na kulipopambazuka kumbikumbi wakatoka wengi ajabu. Dume huyo mbio, tumbo mbele! Huku nyuma akaja kurumbiza mwingine, mgeni anayetafuta makao. Akabisha hodi, kimya. Akabisha tena na tena, kimya. Basi akaanza kukivunja kiota ili ajenge chake. Yule jike, maskini, akayafunika mayai kwa mbawa. Akadonolewa, akanyonyolewa manyoya ya mgongo, wala hakutoa sauti.

Tetere, jirani yao, akaruka kumfuata dume. "We baba, unakula huku nyumba yako inabomolewa!"

Dume akarudi, mdomo umejaa kumbikumbi. Alipotaka kuimba, sauti haikutoka. Akawatema wote chini, akaimba kwa nguvu zake zote. Mgeni akashtuka.

"Kumbe mwenyewe upo? Niwie radhi, bwana, nilibisha hodi." Akaenda zake.

Mayai yalikuwa mazima. Lakini dume alipouona mgongo wa mkewe, alilia.

"Ahsante, mke wangu. Kuanzia kesho sitatia kitu kinywani kabla sijaimba. Wageni wajue tupo, na wewe ujue nakushukuru."

Na tangu siku hiyo, msimu wa kutaga ukifika, madume huimba kungali giza, matumbo matupu. Ndege wengine nao wakaliona jambo lile ni jema, wakaliiga.

Babu yenu, Mungu amrehemu, alikuwa vivyo hivyo. Hakugusa chai kabla hajaniuliza, "Mama Saumu, umeamkaje?" Siku hizi ndege wakianza tu, mimi huitikia hapa hapa jikoni: nimeamka salama, Baba Saumu. Ahsante.