Pumzi Haiazimwi

Mmesikia watu wakisema, "Pumzi haiazimwi," nanyi mnauliza neno hilo lilitoka wapi. Lilianza hivi.

Vijiji viwili vya mlimani vilitegemea mfereji mmoja. Kila mwaka kabla ya kiangazi, kila kijiji kilitoa mkimbiaji, wakashindana kupanda hadi kileleni. Kijiji kilichoshinda ndicho kilichotangulia kumwagilia mashamba msimu mzima.

Katika kijiji kimoja, cha bondeni, wakimbiaji walifunzwa na Nakiete, mama wa makamo asiyejua kubembeleza mtu. Sharti lake lilikuwa moja: kila alfajiri upande mlima, upende usipende. Mwaka huo jumbe alimteua mwanawe, Mbelwa. Nakiete, ambaye magoti yake yalikuwa yamechoka, alisimama uani akiitazama shuka nyekundu ya Mbelwa ikipanda na kushuka. Siku arobaini haikukosa. Akamsifu kijana mbele za watu.

Siku tatu kabla ya mashindano ukungu ulifunika mlima. Nakiete akajikongoja na mkongojo wake hadi kona ya kwanza ili amwone vizuri. Shuka ikaja. Aliyeivaa alikuwa Hoza, mtoto wa mfinyanzi.

"Mbelwa yuko wapi?"

"Amelala, mama. Huniazima shuka yake nikimbie mimi."

Nakiete akamshika Hoza mkono, akamvuta hadi kwa jumbe.

"Aliyefanya mazoezi ni huyu," alisema. "Yeye ndiye akimbie."

"Nimekwisha kumtangaza mwanangu. Unataka kuniaibisha?"

"Aibu umeilea mwenyewe humu ndani."

"Mbelwa atakimbia," jumbe akasema. "Tazama kifua chake kilivyo kipana."

Nakiete akamgeukia Mbelwa, aliyekuwa akipikicha macho, akamkazia yake kwa hasira. "Miguu ya Hoza umeiazima. Pumzi yake utaiazimaje? Pumzi haiazimwi."

Siku ya mashindano Mbelwa alitoka kama mshale. Kona ya pili akaketi chini, ameshika mbavu. Mpinzani wake akampita bila hata kumtazama.

Kiangazi hicho maji yaliwafikia watu wa bondeni yakiwa tope. Maharage yakakauka yangali maua. Wanawake walipita mbele ya nyumba ya jumbe bila kubisha hodi wala kusalimu. Nakiete alijikasirikia pia: alikuwa amesifu nguo bila kutazama uso.

Alfajiri moja Mbelwa akaja uani kwake. "Mama, nifundishe."

"Mlima ule pale," akajibu, akampa kisogo.

Mbelwa akapanda, akatapika, akapanda tena. Mvua zikaja, zikapita, Nakiete hajamsifu. Mwaka uliofuata kijiji kilimteua Hoza, naye Mbelwa akafanya mazoezi nyuma yake kila siku, ingawa hakuna aliyemlazimisha. Hoza alishinda.

Baadaye kijana mmoja mvivu alimwomba Mbelwa amwambie Nakiete kwamba naye alikuwapo mazoezini. Mbelwa akamkazia macho kwa hasira, kama alivyowahi kukaziwa yeye.

"Pumzi haiazimwi," akasema, akaendelea kupanda.